Eliud Kipchoge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakimbiaji wa Goma

Maswali haya yanarudi kila mara kwenye kundi letu la futingi, hasa tunaponyoosha misuli karibu na Rond-point Chukudu na jua limeanza kuchoma. Wanaouliza ni watoto wa shule, mama waliokuja kupunguza kilo, na papa ambao wanabishana tu. Tumeyapa namba ili jibu moja likutume kwenye lingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya mwanzo

1. Kipchoge ni nani, kwa ufupi?

Ni Mkenya aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1984 katika kijiji cha Kapsisiywa, eneo la Nandi. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003. Alichukua dhahabu ya Olimpiki ya marathoni mara mbili, Rio 2016 na Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mara mbili, zote Berlin, mwaka 2018 na 2022. Na ndiye mtu wa kwanza kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa mbili, Vienna, 2019. Motari akikuuliza na umebakiza mtaa mmoja kufika, mjibu hivyo.

Ukiwa na muda zaidi, mwambie hivi: kati ya dhahabu yake ya kwanza (2003) na ushindi wake wa Berlin wa 2023 imepita miaka 20. Wakimbiaji wa kasi wako wengi. Wanaodumu hivyo kileleni unawahesabu kwa vidole, na maswali mengi ya hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

2. Ni mtoto wa Kip Keino?

Hapana. Kipchoge Keino ni gwiji wa zamani, aliyeshinda mita 1500 Mexico 1968 na mbio za kuruka viunzi na maji Munich 1972. Wote wawili wanatoka Nandi, wamekutana kwenye jina tu.

3. Nani alimwanzisha?

Jirani yake. Kipchoge alilelewa na mama, mwalimu wa watoto wadogo. Baba alifariki mapema na mtoto hakumfahamu. Karibu na kwao aliishi Patrick Sang, aliyekuwa amechukua medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Kipchoge akiwa na miaka 16 alimwendea kuomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Ilipoisha, kijana akarudi kuomba nyingine, na akaendelea kurudi.

Tangu wakati huo hajabadilisha kocha, na hilo ni jambo la ajabu katika riadha. Wanariadha hubadilisha kocha wakishindwa, na wengine hubadilisha wakishinda kwa sababu pesa zimeingia na kila mtu amekuwa mshauri. Hapa Goma tunapenda kuuliza Kipchoge anavaa kiatu gani (swali la 12). Ni mara chache mtu kuuliza kocha wake ni nani, na kwa maoni yetu hapo ndipo pa kuanzia.

4. Kasi yake ni kama ipi hasa? Namba za saa hazinielewishi.

Rekodi yake ya Berlin 2022 ni 2:01:09, yaani saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Ni karibu kilomita 21 kwa saa: mwendo wa motari aliyebeba abiria na gunia kwenye barabara ya mawe, anayekwepa mashimo. Kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 52.

Pima mwenyewe. Tafuta uwanja wenye mzunguko wa mita 400 na ukimbie mzunguko mmoja kwa sekunde 69. Vijana wetu wenye nguvu wanauweza, wakimaliza wanashika magoti. Marathoni ni zaidi ya mizunguko 105 ya namna hiyo, bila kusimama.

5. Na kilomita 42 ni kutoka wapi hadi wapi kwetu?

Toka katikati ya mji ufuate barabara ya Sake. Huko ni kama kilomita 25. Ukifika Sake, geuka urudi hadi maeneo ya Mugunga. Hatumwambii mtu aende kuijaribu njia hiyo. Tunatoa kipimo tu. Usalama wa barabara waulize wanaoipita kila siku.

## Miaka ya uwanjani

6. Ni kweli hakuanza na marathoni?

Ni kweli, na wengi wanashangaa kusikia hivyo. Alikimbia marathoni yake ya kwanza akiwa na miaka 28. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mbio za nyika na mita 5000 kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2003 alishinda mbio za nyika za dunia za vijana huko Lausanne, na miezi michache baadaye akaingia fainali ya mita 5000 ya wakubwa katika mashindano ya dunia mjini Paris.

Fainali ile itafute kwenye simu uitazame mwenyewe. Ndani yake walikuwemo Hicham El Guerrouj wa Moroko, mfalme wa mita 1500, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye siku chache kabla alikuwa ameshinda mita 10,000. Kila mtu aliwaangalia hao wawili. Kwenye mita za mwisho El Guerrouj alikuwa mbele, kijana wa miaka 18 akamfuata kwa nje, akambana, akamzidi mstarini: 12:52.79 dhidi ya 12:52.83. Bekele alikuwa wa tatu.

7. Baada ya hapo mbona hakutawala?

Kwa sababu Bekele alikuwepo. Kipchoge alipata shaba ya mita 5000 Athens 2004, fedha ya mashindano ya dunia Osaka 2007 nyuma ya Bernard Lagat, na fedha ya Olimpiki Beijing 2008 nyuma ya Bekele. Mtu mwingine angejivunia medali hizo maisha yake yote, lakini dhahabu ya pili ya uwanjani hakuipata.

8. Kwa nini basi aliacha uwanja?

Mwaka 2012 alishindwa kupata nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kenya ina wakimbiaji wengi mno. Bingwa wa zamani anabaki nyumbani na hakuna anayelia. Alikuwa anakaribia miaka 28, na watu walisema amekwisha.

Mwaka huohuo alijaribu nusu marathoni huko Lille, Ufaransa, akamaliza kwa 59:25. Aprili 2013 akakimbia marathoni ya kwanza Hamburg na kuishinda kwa 2:05:30. Kushindwa kuingia timu ndiko kulikomfungulia mlango, ingawa wakati ule hakuna aliyeliona hivyo.

## Marathoni

9. Ameshinda marathoni zipi?

Tuzitaje kwa mji. Berlin mara tano: 2015, 2017, 2018, 2022 na 2023. London mara nne: 2015, 2016, 2018 na 2019. Chicago 2014. Tokyo, Machi 2022. Ongeza Hamburg 2013, Rotterdam 2014, Enschede ya Uholanzi 2021, na Olimpiki mbili. Boston na New York hakuwahi kuzishinda.

Mfululizo ndio unaotisha. Alishindwa Berlin 2013 na Wilson Kipsang, ambaye ilibidi avunje rekodi ya dunia ili kumshinda. Kuanzia Rotterdam 2014 hadi London 2019 alishinda marathoni kumi rasmi mfululizo. Marathoni si mechi ya mpira: tumbo likikataa, au mvua, au kiatu (swali la 10), umekwisha, na unasubiri miezi sita kujaribu tena.

10. Ile hadithi ya viatu kufunguka ni ya kweli?

Ni ya kweli, Berlin 2015, na picha zipo. Ile soli nyembamba ya ndani, inayokaa chini ya unyayo, ilichomoka mapema kwenye viatu vyote viwili, ikawa inaning'inia nyuma ya kisigino na kupigapiga kila hatua kama ulimi. Kusimama kuzitoa kungempotezea kundi, kwa hiyo hakusimama. Alikimbia hivyo hadi mwisho, unyayo ukisugua kiatu kitupu, akashinda kwa 2:04:00. Alimaliza mguu mmoja una malengelenge na damu.

11. Vienna alikimbia chini ya saa mbili. Mbona si rekodi ya dunia?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa ubishi. Tarehe 12 Oktoba 2019, kwenye njia iliyonyooka ya bustani ya Prater mjini Vienna, alimaliza kwa 1:59:40. Umbali ulipimwa sawasawa, saa ilikuwa sahihi, na hakuna aliyedanganya. Ila hayakuwa mashindano:

- Hakukuwa na wapinzani. Tukio lote liliandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja.
- Wakimbiaji 41 walipokezana kumwongozea mwendo na kumkinga upepo, wengine mbele yake na wengine nyuma. Kanuni za rekodi haziruhusu watu wapya kuingia katikati ya mbio.
- Gari lililokuwa mbele lilimulika mistari ya mwanga barabarani kuonyesha mwendo unaotakiwa.
- Vinywaji aliletewa kwa baiskeli, hakuvichukua mezani.

Aliwahi kujaribu kabla, Mei 2017, kwenye uwanja wa magari wa Monza, Italia, akakosa kwa sekunde 25 tu: 2:00:25. Kati ya wale waliomkinga upepo Vienna alikuwemo Bernard Lagat, yule aliyemnyima dhahabu Osaka (swali la 7).

Maoni yetu: tusidharau Vienna na tusiizidishe. Ilionyesha kwamba mwili wa binadamu unaweza. Rekodi ni jambo lingine, na ya kwake ya kweli tunaipenda zaidi: Berlin 2018, saa 2:01:39, aliposhusha rekodi ya Dennis Kimetto kwa sekunde 78. Siku ile waongoza mwendo walichoka wote kabla ya kilomita ya 26. Zaidi ya kilomita 16 za mwisho alikimbia peke yake, na bado nusu ya pili ilikuwa ya kasi kuliko ya kwanza. Vienna alikuwa na watu 41. Berlin mwishoni alikuwa na barabara tu.

12. Si viatu tu hivyo?

Viatu vimesaidia, hakuna haja ya kubisha. Tangu 2017 au hivi, viatu vya marathoni vina povu jepesi linalorudisha nguvu na bamba la kaboni ndani ya soli. Mguu unachoka kidogo kuliko zamani. Mwanzoni mwa 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka mipaka: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja.

Lakini hesabu miaka. Alishinda Hamburg, Rotterdam, Chicago, London na Berlin kabla viatu hivyo havijatoka. Na vilipotoka, wapinzani wake nao walivivaa muda si mrefu. Kama kiatu kingekuwa jibu, wote wangekuwa Kipchoge.

13. Dhahabu mbili za Olimpiki ni jambo kubwa hivyo?

Katika marathoni ya wanaume, watu watatu tu wameshinda mara mbili: Abebe Bikila wa Ethiopia (1960 na 1964), Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki (1976 na 1980), na Kipchoge. Rio alimaliza kwa 2:08:44 mvua ikinyesha. Ya pili ilikimbiwa Sapporo, si Tokyo mjini, kwa kuogopa joto, na alitumia 2:08:38.

## Kambini

14. Ana pesa, kwa nini bado alala kambini?

Kambi iko Kaptagat, karibu na Eldoret, kwenye mwinuko wa kama mita 2400. Kwa miaka mingi amekaa huko kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kisha anaenda kwa familia. Wanariadha wanapangiana zamu: kufagia, kuosha vyombo, kusafisha vyoo. Bingwa wa Olimpiki naye ana siku yake ya choo. Hakuna anayesamehewa.

Anayekaa peke yake kwenye nyumba nzuri anaamka saa kumi na moja asubuhi kwa nguvu ya roho yake tu, na roho ina siku inakataa. Anayekaa na wenzake ishirini anaamka kwa sababu milango inagongwa na viatu vinasikika nje. Ndiyo maana tunasema mara kwa mara, hadi wengine wamechoka kutusikia: tafuta kundi kwanza, saa ya mkononi baadaye.

15. Anafanya mazoezi gani?

Kilomita kama 200 kwa wiki, na zaidi anapojiandaa na mbio kubwa. Mara nyingi kwa siku ni mara mbili, asubuhi na alasiri. Jumanne ni kasi uwanjani. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 wiki moja na 40 wiki nyingine. Jumamosi ni ya kubadilisha mwendo, kasi na pole kwa zamu. Siku nyingine zote ni mwendo mwepesi, mwepesi kweli, hata mtu wa kawaida angeweza kumfuata kwa dakika chache za mwanzo. Kila kitu anaandika kwenye daftari.

Usinakili kilomita hizo. Amezijenga kwa zaidi ya miaka ishirini. Kinachoweza kunakiliwa ni wepesi wa siku nyepesi. Kwetu Goma kila asubuhi inageuka mashindano: mtu akipitwa na mwenzake karibu na Signers, anaongeza mwendo, na Jumamosi nzima imeharibika.

16. Anakula nini?

Ugali (bugali wetu, ila wa mahindi), mboga za majani, maharagi, nyama kidogo, maziwa, chai ya maziwa. Wakati wa mbio ni vinywaji vyenye sukari nyingi iliyopimwa, anavyopewa kwenye chupa zake kila baada ya kilomita kadhaa. Aliyetazama Berlin 2018 atamkumbuka yule Mjerumani aliyemkabidhi chupa na kurukaruka kwa furaha kila alipofanikiwa.

Anayeuliza kama sombe na sambaza vinafaa: vinafaa sana. Usivile saa moja kabla ya kukimbia.

17. Mkimbiaji kama yeye anapataje pesa?

Kwa njia nne. Kuna zawadi ya nafasi, inayojulikana na kila mtu. Kuna pesa ya kukubali kushiriki, ambayo waandaaji humlipa bingwa hata kabla hajakimbia, na kwa majina makubwa mara nyingi inazidi zawadi yenyewe. Kuna nyongeza ya muda au rekodi. Na kuna mikataba ya kampuni za viatu na nyinginezo. Meneja huchukua sehemu yake, kwa kawaida asilimia 15.

Kijana wa hapa akiambiwa na mtu "nitakupeleka Poto kukimbia, nipe kwanza franga za pasipoti na tikiti," ajue mpangilio umegeuzwa. Meneja wa kweli anakula kwenye zawadi yako baada ya kukimbia.

## Ubishi na uvumi

18. Kati yake na Kenenisa Bekele, nani mkubwa?

Uwanjani ni Bekele, na haihitaji mjadala. Rekodi zake za mita 5000 na 10,000 zilikaa hadi 2020, Joshua Cheptegei wa Uganda alipozivunja. Barabarani ni Kipchoge, ingawa Bekele alikimbia Berlin 2019 kwa 2:01:41, akaikosa rekodi kwa sekunde mbili tu.

19. Nani aliivunja rekodi yake?

Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake, aliyekimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa 2:00:35. Alikuwa na miaka 23. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alitoka kwa majirani zetu wa Rwanda. Wawili hao walifariki pamoja usiku wa tarehe 11 Februari 2024, gari alilokuwa anaendesha Kiptum lilipoacha barabara kati ya Kaptagat na Eldoret.

20. Nilisikia kwamba Kipchoge alihusika na kifo hicho.

Ni uongo. Kiptum mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani, gari likagonga mti, na abiria wa tatu alinusurika. Uvumi ulianza mitandaoni siku zilezile, na Kipchoge alieleza mwaka huohuo wa 2024 jinsi yeye na familia yake walivyotukanwa na kutishwa. Bado kuna wanaoutuma kwenye makundi ya simu ya hapa Goma, mji ambao unajua vizuri uvumi unaweza kufanya nini kwa mtu asiye na hatia. Ukiletewa, usiusambaze.

21. Amewahi kukamatwa na dawa?

Hajawahi kufungiwa. Kenya ina tatizo kubwa la dawa za kuongeza nguvu na wakimbiaji wake wengi wamefungiwa, kwa hiyo swali ni la haki. Yeye amepimwa tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini.

## Miaka ya kushuka

22. Alianza kushindwa lini?

London, Oktoba 2020. Baridi, mvua, sikio limeziba, akawa wa nane. Alirudi akashinda Sapporo, Tokyo na Berlin kwa rekodi, kwa hiyo ile ilikuwa ajali. Kushuka kwenyewe kulianza Boston, Aprili 2023: njia ya vilima, akawa wa sita. Septemba alishinda Berlin kwa mara ya tano, na huo ndio ushindi wake mkubwa wa mwisho hadi sasa. Tokyo 2024 alikuwa wa kumi.

23. Paris 2024 ilikuwaje? Aliacha mbio?

Ndiyo, tarehe 10 Agosti 2024. Alikuwa anatafuta dhahabu ya tatu mfululizo akiwa na miaka 39. Mgongo ulimsumbua kwenye vilima, akabaki nyuma, akaanza kutembea. Karibu na kilomita ya 31 alisimama kabisa. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza kutomaliza. Akawagawia mashabiki waliokuwa pembeni ya barabara vitu alivyovaa, viatu, soksi na fulana yenye namba, kisha akaondoka na gari. Tamirat Tola wa Ethiopia alishinda kwa 2:06:26.

Kundi letu liligawanyika siku hiyo. Wengine walisema bingwa hamalizi kwa gari. Wengine, hasa wenye umri, walisema mtu aliyewapa watu raha kwa miaka ishirini ana haki ya kuvua viatu anapotaka. Sisi tuko na hao wa pili.

24. Amestaafu?

Alikimbia mara tatu mwaka 2025: London (wa sita, 2:05:25), Sydney (wa tisa, 2:08:31) na New York (wa 17, 2:14:36). Baada ya New York alitangaza mpango wa kukimbia marathoni saba katika mabara saba, Antaktika ikiwemo. Hakimbii tena kutafuta rekodi. Hata hivyo 2:05 kwa mtu wa miaka 40 ni muda ambao nchi nyingi hazijawahi kuupata kwa kijana yeyote.

## Sisi wa Goma

25. Kuna Mkongomani aliyewahi kukimbia naye?

Yupo. Makorobondo Salukombo, mwenye asili ya Kivu Kaskazini, alikuwa kwenye mstari mmoja naye katika marathoni ya Rio, 21 Agosti 2016, akiiwakilisha Kongo. Kwenye michezo hiyohiyo Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5000 za wanawake. Majina haya yangestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa mji huu, lakini ukiuliza darasani utatajiwa wachezaji wa Mazembe tu.

26. Goma iko juu. Hatuna faida sawa na Wakenya?

Nusu yake. Goma iko kama mita 1500 juu ya bahari, Kaptagat 2400. Kwenye mwinuko mkubwa hewa ina oksijeni kidogo, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kwa mita 1500 jambo hilo hutokea kidogo tu. Lakini mwinuko ni sehemu ndogo ya hadithi; kuna miji mingi ya juu duniani isiyo na bingwa hata mmoja. Nandi na Eldoret wana makocha, wana viwanja, na kila mtaa una mtu anayejulikana kuwa alinunua shamba kwa miguu yake.

27. Nakimbia kwenye mawe ya volkano. Yataniumiza?

Yanaweza. Mitaa ambayo lava ya 2002 ilipita ina mawe makali yasiyo sawa, na adui wako ni kifundo cha mguu. Kimbia kwenye lami au udongo uliogandamana, hasa siku za kasi. Kwenye mawe nenda polepole, hatua fupi, macho mbele kama mita tatu. Vumbi jeusi la kiangazi nalo ni baya kwa kifua, kwa hiyo toka kabla magari hayajaanza kulitimua, lakini si gizani. Subiri kupambazuke, na msiwe chini ya watatu.

28. Vile viatu vya rangi kali vinavyouzwa sokoni Virunga ni vyenyewe?

Mara nyingi ni vya kuiga. Vinafanana kwa nje, ndani hakuna bamba, povu ni gumu. Kiatu cha kawaida cha kukimbia kilichovaliwa kidogo, chenye soli isiyolala upande mmoja, ni bora kuliko hicho. Kikunje kwa mikono miwili: kikikunjika katikati kama kitambaa, kiache.

29. Mtoto wangu ana miaka 14 na anataka kukimbia marathoni kama Kipchoge.

Mama, papa, mkatalie marathoni na umruhusu kukimbia. Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia hata vijana wa chini ya miaka 20 hawaruhusiwi marathoni. Kipchoge mwenyewe alisubiri hadi 28 (swali la 6). Mtoto wa 14 akimbie mita 800, 1500, 3000, acheze na mpira, alale vya kutosha, asome. Na mtafutie mtu mzima mmoja wa kumfuatilia kwa miaka, hata kama si kocha wa cheti (swali la 3).

30. Mbio za Ulaya tunaziangalia saa ngapi?

Berlin ya Septemba ina saa sawa na Goma, na wanaume huanza kama saa tatu na robo asubuhi. London ya Aprili, Goma iko saa moja mbele yao. Kwa wenzetu wanaofuata matangazo ya Kenya: Nairobi iko saa moja mbele yetu, kwa hiyo wakisema saa nne, kwetu ni saa tatu. Jumapili ya Berlin tunatoka mapema, tunakimbia kifupi, tunarudi kabla hawajaanza.